Bangili Iliyomkaa Sawasawa

Mtu aliyeingia karakanani asubuhi ile hakuwa na kitambaa mkononi, wala suruali iliyochanika, wala mtoto wa kupimwa sare. Kwa mafundi wa pale, mtu wa namna hiyo ama anauza bima, ama amepotea njia. Alisimama mlangoni, mrefu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, koti lake jeupe limejaa nywele fupi fupi mabegani, akawa anatazama mikono ya mafundi badala ya nyuso zao.

"Karibu, kaka," alisema Vifungo, msichana aliyeketi karibu na mlango na kilima cha vifungo mapajani. "Kama ni bima, umechelewa. Sisi humu tulishakufa zamani, tunashona tu."

Mafundi wa nyuma walicheka. Yule mtu hakucheka. Alipandisha mkono wa koti, akaonyesha bangili nyeusi ya mpira, pana kama mkanda wa saa ya mwanamume.

"Namtafuta dada mmoja mwenye bangili kama hii. Tulikaa benchi moja kliniki. Aliniambia anashona sare za shule nyuma ya posta. Nimeshaingia kila karakana ya mtaa huu."

Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Ya mwisho kunyamaza ilikuwa ile ya dirishani, ya mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata wakati wa kula. Futi alitazama mkono wake wa kushoto. Bangili yake ilikuwa inagonga kama kawaida, ndu, ndu, ndu.

"Ni mimi," alisema. "Kuna nini?"

Yule mtu aliketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. "Dada yangu," alisema, "wewe na mimi tumefanya ujinga."

Bangili zile zilikuwa jambo la juzijuzi. Mgonjwa wa moyo hubandikwa kibandiko kifuani, anayemuuguza huvaa bangili, na kila moyo unapopiga kule, bangili hugonga huku, hata kama kati yao kuna mji mzima, mradi simu zao ziwe na mtandao. Haikuonyesha namba wala kupiga kengele. Kazi yake ilikuwa moja tu: kumfanya mtu aubebe moyo wa mwenzake kwenye ngozi yake. Mtaalamu wa kliniki aliwaambia kwamba mwanzoni itawakera, kisha wataizoea, na mwisho wake hawatakumbuka walivyokuwa wakiishi bila hiyo.

Alisema kweli. Futi alivaa yake kwa ajili ya mama yake, na kadiri miezi ilivyopita, mguu wake kwenye pedali ulijifundisha wenyewe kufuata mapigo yale. Moyo ukienda polepole, alishona kola. Ukikaza mwendo, alishona mapindo marefu yasiyotaka akili. Pigo likichelewa kidogo tu, sindano yake nayo ilichelewa. Kelele za barabarani hakuzisikia tena. Vifungo alilazimika kumwambia kila kichekesho mara mbili, ya kwanza ikiishia hewani. Na alikuwa amechoka. Ulikuwa uchovu usiotoka kwa kulala, wa mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa pomoni na hana pa kuitua.

"Mimi ni kinyozi," mgeni alisema. "Bangili yangu ni ya baba. Jana umeme ulikatika, nikafunga kibanda, nikarudi nyumbani mapema. Nikamkuta mzee ndiyo kwanza anaingia, anahema, shati limelowa. Nikamwekea mkono kifuani. Moyo unapiga kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Lakini hapa," akagusa bangili, "hapa palikuwa shwari. Ndu... ndu... Kama mtu aliyelala baada ya kula. Nikamshika shingo kwa vidole, nikasikiliza huku, nikasikiliza huku. Mioyo miwili, dada. Mmoja wa baba, mwingine sijui wa nani."

Vifungo alibaki na sindano hewani.

"Unakumbuka siku ile kliniki?" kinyozi aliuliza.

Futi alikumbuka. Mtaalamu aliwavalisha bangili zao, kisha akatoka nje kupokea simu. Bangili ya Futi ilikuwa inapwaya. Naye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kukaza kinachopwaya na kulegeza kinachobana. Kitu kilichomning'inia mkononi kilimkera kama kibanzi kwenye jicho. Jirani yake wa benchi naye alikuwa akilalamika kwamba yake inamkaba kama pingu. "Hebu tujaribu," Futi ndiye aliyesema. Wakabadilishana wakicheka, kama watoto wanaojaribishana viatu. Ile ya kinyozi ilimkaa sawasawa, utadhani ilikatwa kwa kipimo chake. Hakuna aliyewaza kwamba ndani ya mpira ule tayari kulikuwa na mtu.

"Mungu wangu," alisema. "Kumbe mimi nimembeba baba yako."

"Na mimi nimembeba mama yako. Ni mama, siyo?"

"Ni mama."

"Mama yako ana moyo mtulivu, dada. Mimi nilikuwa najigamba kwa wateja: mzee wangu ana moyo kama saa ya ukutani! Nikalegea. Nikamwacha peke yake kutwa nzima. Kumbe mwenzangu kila alasiri anapanda ngazi zote za jengo mpaka juu ya paa. Ana njiwa wake huko. Nilimkataza, akaniapia ameacha."

"Saa tisa," alisema Futi polepole. "Huanza kupanda saa tisa."

Kinyozi alimtazama. "Umejuaje?"

Angekosaje kujua? Alizijua ngazi zile bila kuziona. Alijua moyo ulivyoanza kwa ari, ukazidiwa, ukasimama mahali fulani kutafuta pumzi, ukaendelea kibishi, na mwishoni kabisa, baada ya kishindo chote kile, ukashuka na kutulia, utulivu mpana ambao hakuwahi kuuelewa. Sasa aliuelewa. Ni mzee mmoja juu ya paa, njiwa wamemzunguka miguuni.

Lakini miezi yote ile hakufikiri juu ya njiwa. Alifikiri juu ya mama yake. Kila jioni aliingia ndani na swali lile lile: ulifanya nini saa tisa? Mama alijibu kwamba alikuwa amelala. Futi hakukubali. Kwanza aliondoa ufagio. Kisha akaondoa kigoda cha jikoni, asije akapanda kufikia makabati. Kisha akamkataza kwenda mtaa wa pili kucheza karata kwa rafiki yake, mkunga mstaafu, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Hata hivyo saa tisa haikukoma. Jumapili moja alikuwa amekaa karibu kabisa na kitanda, mama amefumba macho, na bangili ikaanza kupanda ngazi. "Mama, acha kujifanya umelala," alimwambia. Mama alifumbua macho, akamtazama, akageukia ukutani.

Mkono wa mama ulikuwa pale pale, juu ya shuka. Hakuwahi kufikiria kuushika. Tangu bangili ije, hakuwahi kuushika hata mara moja.

Kinyozi alikuwa ameshavua bangili yake. Futi aliivua ya kwake, na katika kuzigeuzageuza mezani vidole vyake vikaona kitu kilichomtia uchungu zaidi: mikanda ilichomoka kwenye kidude kinachogonga kwa kubonyezwa tu. Siku ile wangeweza kubadilishana mikanda, kila mtu akabaki na mgonjwa wake.

Aliibadilisha sasa. Klik, klik. Kazi ya kupepesa jicho.

"Kuna jambo moja," alisema kinyozi akifunga yake. "Mama yako hushtuka. Kila jioni, mara moja tu, moyo unamruka, halafu baada ya muda unashuka. Mimi nilidhani mzee anaota vibaya kwenye usingizi wa jioni. Mwangalie. Labda ni dawa."

"Nitamwangalia," alisema Futi. Kisha, kinyozi alipofika mlangoni, akamwita. "Kaka. Usimkataze kabisa wale njiwa. Anapofika kule juu, anatulia. Mimi nimemsikia."

Kinyozi alijikuna kidevu. "Na wewe mama yako, ungemruhusu?"

Futi aliinamia cherehani yake. Kinyozi alitikisa kichwa, siyo kwa ubaya, akaenda zake.

"Haya," alisema Vifungo, "yaani miezi yote hii dada yetu alikuwa na mwanamume mkononi, na hakutuambia."

Wote walicheka, hata Futi, mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza yakakataa kukoma.

Siku hiyo alishona vibaya. Moyo wa mama ulikuwa mwingine kabisa. Ulikuwa mdogo, wa polepole, mapigo yake mepesi kama ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya watu waliolala. Pedali haikujua ifanye nini. Ilipofika saa tisa, mkono wake ulijiandaa kwa ngazi, na ngazi hazikuja. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Ndu. Ndu. Kule nyumbani mama yake alikuwa amelala, kama alivyosema siku zote. Au pengine hakulala. Alikuwa amekaa tu, kwa kuwa hakuachiwa kitu cha kufanya.

Jioni alitembea kwa miguu kwenda nyumbani ili achelewe. Alipofika mlangoni alitoa ufunguo, akautia kwenye kitasa.

Bangili iliruka.

Alidhani ni mkono wake umetetemeka. Aliuchomoa ufunguo, akasimama kimya kwenye korido, akasubiri. Kidogo kidogo mapigo yalishuka. Mlango wa jirani ulifunguliwa na kufungwa, bangili haikujali. Mtu alipita na kupanda ghorofa ya juu, viatu vyake vikipiga sakafu, bangili haikujali. Futi akautia ufunguo tena, taratibu kabisa, chuma kikagusa chuma.

Ndundundundu.

Mwanzoni alijaribu kujidanganya kwamba ni furaha. Mama husikia mtoto amerudi, moyo unamchangamka, kuna ajabu gani? Akaufungua mlango.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti, mgongo umenyooka, mikono mapajani, viatu vya ndani vimepangwa sambamba. Alikuwa amekaa kama mwanafunzi anayesubiri kukaguliwa kucha.

"Leo sikuinuka kabisa," mama alianza kabla hajasalimiwa. "Choo tu. Chakula nimekula. Dawa nimemeza zote, kifuko hicho hapo, kitazame mwenyewe."

Futi hakukitazama kifuko. Alitua mkoba sakafuni, naye akaketi hapo hapo sakafuni, mgongo kwenye mlango, na futi ikining'inia shingoni. Mkononi mwake moyo wa mama ulikuwa bado unakimbia.

"Mama," alisema. "Nimekukosea."

Akamweleza yote: kinyozi, benchi la kliniki, bangili iliyopwaya na iliyobana, mzee na ngazi zake. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, kama alivyosikiliza watu ujana wake wote. Alikuwa opereta wa simu, enzi ambazo kumpata mtu wa mji mwingine ilikuwa lazima upitie kwa sauti yake. Futi alipofika kwenye njiwa, mama aliziba mdomo kwa kiganja.

"Kwa hiyo wakati unaniuliza nimepanda wapi," alisema, mabega yakianza kumtikisika, "kulikuwa na mzee wa watu anapanda paa?"

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata Jumapili."

"Nami nikaanza kuamini, unajua! Nikajiuliza, jamani, labda kweli natembea usingizini." Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa pindo la khanga. Kicheko kilipokwisha, kilichobaki usoni hakikuwa kicheko. "Uliniita muongo, mwanangu. Humu humu ndani."

"Niliamini bangili."

"Najua uliamini bangili. Ndicho kinachoniuma."

Chini barabarani muuza maji alikuwa akipiga honi yake.

"Mama, unaniogopa?"

"Wewe? Hapana. Ni yale maswali tu..." Mama akasita. Mkononi mwa Futi mapigo yalipanda, na mama akaona macho ya binti yake yakishuka kwenye bangili, akajua kwamba amesikika. Alivuta pumzi. "Ndiyo," alisema. "Ufunguo ukiingia pale, najikagua. Nimekaa vizuri? Nimeinuka mara ngapi? Nitajibu nini? Kwa nini unaniuliza, wakati umeshanivaa mkononi?"

Futi alitaka kusema kwamba ni kwa sababu ya kumpenda. Lilikuwa neno la kweli, lakini alipolifikisha kwenye ulimi likawa zito, likarudi.

"Sikiliza," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kazini, laini na isiyo na haraka. "Miaka yangu yote pale kwenye simu, watu walikuwa mbali sana. Siwaoni, siwagusi. Nilichokuwa nacho ni kuwauliza na kusubiri wajibu. Mtu akiniambia yuko salama, namuunganisha. Wengine walikuwa wanadanganya, najua. Lakini ni maneno yao. Wewe tangu upewe hicho kidude, hujaniuliza neno ukasubiri jibu langu. Unauliza huku jibu unalo."

"Nikivua, nitakufa kwa wasiwasi."

"Hutakufa. Utapata shida, lakini hutakufa." Mama aliinama mbele. "Mimi siombi uitupe. Naomba alasiri moja. Alhamisi nitakwenda kwa mkunga kucheza karata. Mwenyewe, kwa miguu yangu. Hutanifuata. Hutachungulia dirishani. Hicho kidude kitakaa kwenye kopo la vifungo. Nikirudi, utaniuliza najisikiaje, nitakuambia, na utaniamini. Basi."

"Na ukianguka njiani?"

"Nikianguka, nitaanguka nikiwa naenda mahali."

Futi alifumba macho. Yote aliyoyasikia kwa miezi yalimwambia akatae, na yote yalikuwa ya mtu mwingine.

"Naahidi," alisema.

Alhamisi ilikuja upesi kuliko kawaida ya Alhamisi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, karakana imefurika, lakini Futi aliomba kazi yake aifanyie nyumbani, akabeba rundo la kola na kuliweka mezani mbele ya cherehani ya mkono ya zamani iliyokuwa ya mama. Aligeuza kiti ili dirisha liwe mgongoni.

Mama alitoka chumbani na mkoba, na viatu vya ngozi ambavyo havikuwa vimetoka kabatini tangu akatazwe kutoka. Alijitazama kwenye kioo, akaweka sawa kitambaa cha kichwa, akanyoosha mkono. Futi akavua bangili. Mama akaidondosha kwenye kopo la vifungo, akafunga kifuniko, akaliweka juu ya kabati.

"Nitarudi kabla taa za barabarani hazijawaka," alisema.

"Haya, mama."

"Usinune. Nakwenda karata, siendi vitani."

Mlango ukafungwa. Viatu vikasikika kwenye ngazi, kimoja, kingine, kimoja, kingine, halafu havikusikika.

Futi akaanza kushona. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mwepesi kwa namna mbaya, kama mtoto mdogo aliyekuwa ameushika ameuachia na kupotea sokoni. Kisha, bila bangili, mapigo yalianza. Aliyasikia kabisa kwenye ngozi, ndu, ndu. Hayakuwa ya mama wala ya mzee wa njiwa. Yalikuwa ya mahali mwili unapoweka vitu ulivyozoea. Ilipofika saa tisa, mkono wake ulipanda ngazi peke yake. Aliukunja, akaukunjua, akaupiga pajani. Kola ya kwanza ilitoka imepinda. Ya pili pia.

Na hapo ndipo aliposikia sauti kutoka juu ya kabati.

Ilikuwa sauti ndogo, ya vifungo vikigongana. Bangili ilikuwa inagonga ndani ya kopo, na kila ilipogonga, vifungo viliitikia. Tik. Tik. Tik. Si yeye wala mama aliyekuwa amelifikiria jambo hilo. Futi aliacha mpini wa cherehani. Hakuwa ameigusa. Hakuwa ameivaa. Ilikuwa kwenye kopo kama walivyokubaliana. Alikaa kimya akiyapokea yale mapigo kwa masikio, na mabega yake yalishuka kwa nafuu. Yu hai. Anatembea. Sasa ameketi.

Tik. Tik. Tik.

Alijua kwamba ni wizi. Alijiambia dakika chache tu.

Halafu vifungo vikakaza mwendo. Tik tik tik tik. Futi aliinuka kabla hajaamua kuinuka. Nyumba ya mkunga haikuwa mbali. Angekimbia, angefika kabla ya kuishiwa pumzi. Pengine mama ameanguka. Pengine ameshinda karata. Kopo lilisema moyo unakimbia tu, kama lilivyokuwa likisema siku zote, na sababu halikuwahi kuijua. Yeye ndiye aliyekuwa akiijaza sababu, kila mara, kwa hofu yake.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Alisimama hivyo muda mrefu. Alitaka kwenda kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na nguvu zenyewe zilikuwa zimebaki kidogo. Akaachia kitasa.

Alilitoa kopo juu ya kabati, likitetemeka mikononi mwake kama kifaranga. Akalifunga kwenye blanketi, akaongeza blanketi la pili, akaliingiza chini ya kitanda cha mama, akatoka, akafunga mlango wa chumba. Kisha akarudi kwenye kiti, akalipa dirisha mgongo.

Kimya kile kilikuwa kikubwa kuliko nyumba. Alishona ndani yake kola baada ya kola, zote mbovu, akijua kwamba kesho atazifumua mbele ya wenzake na Vifungo atakuwa na la kusema. Mtaani alisikia mtoto akilia na kunyamazishwa. Alisikia bomba la jirani likifunguliwa, pasi ikiwekwa juu ya chuma, mtu akimwita mwingine kwa jina la utani, na ilimshangaza ni muda gani ulikuwa umepita tangu asikie mambo hayo.

Ukutani mbele yake mwanga ulibadilika kutoka mweupe kuwa wa manjano. Taa za barabarani zilikuwa zimewaka. Mama hakuwa amerudi.

Futi hakugeuka. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili na kuutazama ule mwanga wa manjano mpaka macho yakamuuma. Moyo uliokuwa ukikimbia sasa ulikuwa wake mwenyewe, na aliusikia waziwazi.

Ngazi zikalia. Kiatu kimoja, halafu kingine baada ya muda. Kikasimama. Kikaendelea. Futi alizijua hatua za namna ile. Alikuwa amezibeba za mzee mwingine kwa miezi. Alikaa. Ufunguo ukagusa kitasa, ukateleza, ukagusa tena, ukaingia.

Mama alisimama mlangoni ameegemea ukuta, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, uso umepauka kwa uchovu. Alitazama kwanza juu ya kabati, akaona nafasi tupu, na kitu kikafifia machoni mwake. Kisha akatazama mikono ya binti yake. Haikuwa na kitu.

"Kiko chini ya kitanda chako," alisema Futi. "Kilikuwa kinapiga kelele kwenye vifungo. Nilikisikia kidogo, ndipo nikakifunga blanketi."

Mama alilipima jibu lile, kichwa upande.

"Unajisikiaje, mama?" Futi aliuliza. Akasubiri. Mkono wake wa kushoto ulitaka kuruka na kushika kile kifundo chembamba cha mkono wa mama, chenye mishipa. Aliuweka chini ya rundo la kola na kuukalisha hapo.

Mama alivua kiatu kimoja, taratibu, akakivua cha pili.

"Nimechoka," alisema. "Miguu imevimba. Njiani nikapumzika kwenye ngazi za duka, ndiyo maana nikachelewa. Yule mkunga nimemshinda mara mbili, akaniambia naficha karata, tukagombana mpaka majirani wakatoka." Alitabasamu bila kunyanyua kichwa. "Nimechoka, lakini siumwi."

Futi alimtazama: ule weupe wa midomo, yale mabega yakipanda na kushuka. Chumbani, chini ya kitanda, jibu jingine lilikuwa likigonga ndani ya mablanketi mawili.

"Haya," alisema. "Kaa basi, nikuletee maji."

Akaupita mlango wa chumba, akaingia jikoni.